Kisu Uache Nyumbani

Jumamosi, tarehe sita Desemba. Asubuhi kulikuwa na jua la kukausha nguo. Mchana mawingu yakashuka kutoka upande wa msitu, na kabla watu hawajaanza kula ikanyesha mvua ya mawe. Sasa ni jioni na yamebaki manyunyu tu. Jirani anasema chai yake ya upande wa chini imepigwa sana, majani yametoboka kama kitambaa kilicholiwa na panya. Sijaenda kuangalia.

Naandika leo kwa sababu kesho nitakuwa nimeanza kujipendelea. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, na madrasa nilisoma kwa marehemu baba yangu, jioni, akiwa amechoka. Baba alikuja huku Kapsoit kutoka upande wa magharibi kuchuna chai katika shamba kubwa, na mimi nikazaliwa hapa. Kazi yangu ni kuchinja.

Huku kwetu karibu kila mtu ni Mkristo, lakini mchinjaji huwa Mwislamu. Sijui kama imeandikwa mahali. Watu husema tu kwamba mgeni wa dini yoyote anaweza kutokea, kwa hivyo ni vizuri nyama iwe ya kila mtu. Basi pale kichinjioni nakata mimi, na kukiwa na harusi au matanga naitwa na kisu changu. Watu wananiita Sheikh. Mimi si sheikh. Nikiwaambia hivyo wanacheka, wanasema, mwaona, sheikh wa kweli hajisifu.

Ndivyo nilivyofika chuo kikuu. Chuo kiko juu kilimani, chai imekizunguka pande zote, na kina kasisi wake wa kuwaangalia wanafunzi, mtu mpole. Wanafunzi Waislamu walimwambia kwamba Wakatoliki wana mlezi, Waprotestanti wana mlezi, na wao hawana mtu mzima hata mmoja. Kasisi akatafuta Mwislamu, akampata mahali ambapo kila mtu wa huku hupata Mwislamu. Alisimama kwenye mlango wa kichinjio na viatu vyake safi, akanieleza. Nikamwambia sijasoma.

"Hawataki mtu wa kuwafundisha, Sheikh," alisema. "Wanataka mtu wa kukaa nao."

Kukaa nilidhani naweza. Yule kasisi hajawahi kunidanganya, isipokuwa hapo, na hapo hakujua.

Wanafunzi walipewa chumba nyuma ya maktaba, kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Walikifagia wenyewe, wakatandika zulia, wakatafuta kibla kwa simu na kubandika mshale wa karatasi ukutani. Wasichana wako nyuma ya pazia la shuka. Mlangoni viatu vimejaa tope jekundu, na maji ya kutawadhia ni baridi mpaka vijana wa pwani wanaingia wakipuliza vidole. Ijumaa anayehutubu ni kijana kutoka Garissa, anasomea mambo ya kompyuta, na Kurani yote ameihifadhi kifuani. Mimi nakaa nyuma karibu na mlango. Wananiita Ustadh, nami nimechoka kukataa. Kazi yangu ni kwenda kumwomba mwalimu asiweke mtihani saa ya Ijumaa, na wakati wa Ramadhani kuwachinjia kuku wa kufuturu. Mengine yote ni kusikiliza. Mtu anakuja amefiwa na mama yake huko Lamu na hawezi kuwahi maziko, nami nakaa naye. Sina la kumwambia ambalo halijui.

Katika futari hizo alianza kuja msichana wa huku huku, Mkipsigis, kutoka vilima vya ng'ambo ya Kipkelion. Aliletwa na mwenzake wa chumbani, ambaye ni wa Isiolo. Mwanzoni alikuja kumenya viazi tu. Siku moja nilikuwa nachinja nyuma ya jiko, akasimama akatazama, akaniuliza kwa nini nataja jina la Mungu kwanza. Nilimjibu jinsi baba alivyonijibu mimi: kwamba uhai si wako, lazima uombe ruhusa kwa mwenyewe. Akasema, "Hiyo ni nzuri." Sijui kama ndilo lililomvuta. Natumaini si hilo. Ningependa awe alivutwa na jambo kubwa zaidi, lililosemwa na mtu anayejua.

Baadaye alitamka shahada ndani ya kile chumba, mbele yetu. Nilimuuliza kama mzee wake anajua. Alisema atamwambia kwa njia yake. Nikanyamaza. Alikuwa mtu mzima, na lilikuwa neno lake kumwambia baba yake. Lakini pia ilikuwa rahisi kwangu kunyamaza, na mpaka leo sijajua ni lipi lililoniziba mdomo.

Mwezi uliopita baba yake alikuja kichinjioni. Alikuja na ndugu yake na mzee mwingine mmoja, wote wamevaa makoti na kofia, na ndugu yake amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwa mkaa. Huyu baba namfahamu miaka mingi. Ana chai kidogo, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na fahali wake huwaleta kwangu. Nimekata kwake kijana wake alipooa, na nikakata tena walipokuwa wanajenga kanisa. Ni mtu wa maneno machache na hajawahi kuniletea ng'ombe mgonjwa akisema ni mzima. Hilo kwa mtu wa kazi yangu ni jambo kubwa.

Nilinawa, tukakaa kwenye benchi nje. Nilidhani ni habari ya ng'ombe. Wakauliza juu ya mvua. Wakauliza watu wangu ni wa wapi hasa, na ukoo wetu unaitwaje, na kama baba yangu alikuwa na ardhi. Kisha wakauliza nina vijana wangapi. Nikasema mmoja, yuko kidato cha kwanza. Yule ndugu akamtazama mwenzake.

"Huyo ndiye?" akauliza. "Si bado ananyonya?"

Ilinichukua muda kuelewa. Walikuwa wamekuja kwa habari ya ndoa. Walisikia kutoka kwa jamaa kwamba msichana wao sasa anafunika kichwa na anaswali, na kwamba sheikh wa pale chuoni ni mimi. Na kwa watu wa huku msichana huhama kanisa kwa sababu moja tu, anamfuata mwanamume. Walikuwa wamekaa nyumbani wakashauriana, wakakubaliana wasikasirike. Dini ni nyingine, lakini mtu ni mtu na ukoo ni ukoo. Basi wakavaa makoti wakaja na maziwa, waulize ni mwana wa nani ili mambo yafanywe wazi. Nilipoona hivyo niliona haya, maana heshima waliyoniletea ilikuwa kubwa na haikuwa na mahali pa kuiweka.

Nikawaambia hakuna kijana.

Baba alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Basi ameenda kwa nani?"

"Kwa Mungu, mzee," nilisema. Ndilo neno nililokuwa nalo.

Akatazama chini, pale maji ya kuoshea sakafu yanapopita kwenda kwenye mtaro.

"Mungu tulikuwa naye hata nyumbani," alisema.

Yule ndugu alisema ingekuwa afadhali kuwe na kijana, hata mlevi, nikadhani anatania, kumbe hatanii. Akanieleza. Kukiwa na kijana kuna wakwe, na wakwe hutembeleana. Msichana anarudi nyumbani na watoto mgongoni, na watoto wanajua kwao kwa mama ni wapi. Lakini huyu ameondoka bila kuchukuliwa na mtu. Utakwenda kumtembelea kwa nani?

Tulikunywa yale maziwa, kwa sababu si vizuri kurudi na kibuyu kimejaa. Walipokuwa wakisimama, baba akasema sherehe ya kumaliza chuo itakuwepo kama kawaida, nyumbani. Yule fahali wa mabaka alimtenga siku ile msichana alipoitwa chuoni, na hatabadilisha. Nikangoja aniambie nije saa ngapi, kwa maana kila mara ndivyo anavyosema.

"Wewe utakuja, Sheikh, na mama pia," alisema. "Lakini kisu uache nyumbani."

Nilimwelewa. Miaka yote kisu changu kwake kilikuwa cha wageni. Kilikuwa adabu yake mwenyewe, ili asipatikane mtu wa kulala njaa kwake. Sasa kingekuwa cha mtoto wa nyumba. Watu wangesema, angalieni, hata ng'ombe wake anakatiwa na wale waliomchukua msichana. Kisu ni kile kile na mkono ni ule ule, lakini mimi pia, ningekuwa yeye, pengine ningesema hivyo.

Siku chache baadaye msichana alikuja nyumbani kwetu. Alikaa na mke wangu wakipukuchua maharagwe, na akaongea akitazama maharagwe. Kwao, siku ya sherehe, mzee humkatia mwenye sherehe kipande cha ubavu kwa mkono wake, mbele ya watu wote, naye hula hapo hapo wakimwona. Ndipo wengine wanaanza.

"Ustadh, usipokata wewe sijui kama nitaweza kula," alisema. "Na nisipokula, baba atasema nimekataa mkono wake."

Alitaka nimwambie dini inasemaje. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kuniomba mwanafunzi ambacho kilikuwa ndani ya kazi yangu hasa. Nachinja tangu ujana. Na sikujua.

Nikawauliza vijana Ijumaa. Yule wa Garissa alisema jambo liko wazi, chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwetu, baba yake ni Mkristo wa kanisa, ale. Kijana wa Mombasa akasema ndiyo, lakini amekataje, na ametaja jina la nani, na kama hujui basi una shaka, na chenye shaka kiache. Wakabishana kwa heshima mpaka simu ya mtu ikaadhini alasiri. Mmoja akanicheka, akasema wa kwanza akishinda Ustadh atatafuta kazi nyingine. Tulicheka wote. Lakini lilinikaa. Kama ni kweli kwamba Mkristo akikata inatosha, basi mimi nimekuwa nikifanya nini miaka yote hii? Nikaogopa kwamba naelemea upande wa kukataza kwa sababu ya tumbo langu. Basi nikajivuta upande wa kuruhusu, halafu nikaogopa kwamba najivuta ili nionekane mwema. Nilimpigia sheikh wa msikiti wa mjini, msomi, akanisikiliza vizuri. Alisema wanachuoni wametofautiana, na kwa mtu mgeni katika dini ni bora aepuke kinachomsumbua moyo. Sikumwambia kwamba moyo wa msichana ulikuwa unasumbuliwa na yote mawili.

Nikampa msichana majibu yote, lile na lile, na nani alisema nini. Nilijitahidi nisimpunguzie yeyote. Alisema, "Asante, Ustadh," vile mtu humwambia mwenye duka akiambiwa sukari imeisha.

Nilifanya jambo moja zaidi. Nilimwomba kasisi aongee na mzee, wamezoeana, amwambie tu kwamba hata akikata ndugu yake, basi akate mbele kwa koo, mara moja, na amtaje Mungu. Huku wengine bado hudunga ng'ombe nyuma ya shingo. Kasisi alikwenda. Aliporudi alisema mzee amesema amesikia. Nikauliza, amesikia na amekubali, au amesikia tu? Kasisi alisema, "Alisema amesikia."

Basi leo tukaenda. Kasisi alitubeba kwa gari lake, mimi na mke wangu. Kisu nilikiacha juu ya kabati, na njiani mkono wangu ulikuwa ukishika mfuko usio na kitu.

Boma lilikuwa limependeza. Mahema mawili, viti vya plastiki, na mashada ya maua yale ya kumeremeta ambayo watu humvalisha msomi shingoni. Msichana alikuwa amevaa joho jeusi, na chini ya ile kofia bapa amefunga mtandio. Mpiga picha akamwambia atoe mtandio ili kofia ikae. Nyanya yake, mama ya mzee, ambaye alikuwa amekaa karibu na fimbo yake, akamwambia mpiga picha apige mtoto vile alivyo, kwani anapiga kofia au anapiga mtu? Watu wakacheka. Msichana pia alicheka, nikaona labda siku itakwenda vizuri.

Fahali tulikuta amekatwa tangu alfajiri. Ngozi ilikuwa imetandikwa nyasini, na nyama inachomwa nyuma ya nyumba. Vijana waliniita nikaonje maini. Sikwenda. Nilijua nikienda huko macho yangu yatatafuta kichwa na shingo, na watu watasema Sheikh amekuja kukagua. Niliona adabu ni kukaa chini ya hema na mikono mapajani, kama mgeni. Ndivyo nilivyofanya, nikabaki hapo mpaka chakula.

Mchungaji wao aliomba. Aliomba vizuri, hakumtukana mtu. Alimwomba Mungu awarudishe wote waliotembea mbali, na watu wote wakaitikia amina kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida. Wakaongea wajomba, akaongea mwalimu wa shule ya msingi. Kisha mzee akasimama bila hotuba. Akaletewa ubavu juu ya ubao, akakata kipande, akatembea nacho katikati ya viti mpaka kwa binti yake.

Msichana alisimama. Alipokea kwa mikono miwili, jinsi alivyolelewa. Halafu akainua macho akanitafuta ng'ambo ya viti, na akanipata.

Alitaka uso tu. Angetosheka na kope. Na mimi sikuwa na uso wa kumpa, kwa sababu sikujua. Ningemfanyia ishara ale, ningekuwa nimeamua kitu kisichokuwa changu kuamua. Nikimfanyia asile, pia. Nikatazama viatu vyangu. Nilipoinua kichwa alikuwa bado ameshika.

"Nitakula, baba," alisema polepole. "Ngoja kwanza."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akabaki amesimama hapo mbele yake, kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo na anangoja. Akangoja mpaka ikawa aibu kwa sisi tuliokuwa tukitazama. Hapo ndipo mvua ya mawe iliposhuka. Hema likapigwa mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake, upande mmoja ukalegea na kumwaga barafu katikati ya meza, watu wakakimbilia ndani ya nyumba na barazani na sahani vichwani. Watoto wakawa wanaokota mawe ya barafu na kuyatia mdomoni.

Ilipopungua tulirudi. Kile kipande kilikuwa kwenye sahani mezani, ndani ya maji. Mzee mwenyewe alikuja akaichukua sahani, akaifunika na nyingine, akaondoka nayo. Hakumtazama mtu. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Nyama ya nyumbani siku hizi ina mifupa." Mwingine akamjibu, "Mwache, atakula hiyo digrii." Walicheka kidogo, wakaona hakuna anayecheka nao, wakaacha. Sitaki kuwasema vibaya. Nimewaona wale wakichuna chai kwenye mvua, na najua kikapu cha nani kilimpeleka msichana yule shuleni.

Tulipoaga, mzee alinisindikiza mpaka kwenye lango, penye ua wa misipresi. Alikuwa na kikapu, na ndani ubavu mzima umefungwa kwa magazeti. Alisema hakuniita nikate, lakini hawezi kuniacha niende mikono mitupu. Nikasema kongoi, maana ndivyo wanavyoshukuru, nikapokea. Nilikuwa nishaanza kufikiri nitampa jirani yupi.

Ndipo aliposema.

"Nilimwambia ndugu yangu akate kama wewe. Mbele, mara moja. Nimekutazama miaka mingi, Sheikh, najua vile unafanya. Na mimi nikasimama hapo, nikataja Mungu kwa mdomo wangu."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtoto.

"Baba humweleza mtoto wake chakula?" akasema. Halafu akasema, "Nilifikiri wewe utaona. Si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa nyuma ya nyumba tu. Ningefuata wale vijana na maini yao, ningeona ile shingo na kujua kila kitu, mkono ulivyokwenda na damu ilivyotoka. Ningejua hata kisu kilikuwa kikali kiasi gani. Sikwenda kwa sababu ya adabu. Yeye naye hakumwambia mtoto kwa sababu ya adabu. Tulisimama pale langoni, hatukuwa na hasira, na hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Akageuka akamwangalia binti yake, aliyekuwa akiagana na nyanya yake barazani.

"Aende na nyinyi leo," alisema. "Wanawake watamsema usiku kucha. Akiwa na njaa atarudi."

Nimegeuza maneno hayo tangu mchana. Mke wangu anasema ni mlango umefungwa. Kasisi anasema ni mlango umeachwa wazi. Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, vile mtu husema ng'ombe atarudi jioni.

Nyanya alimpa msichana kibuyu cha maziwa na kumtemea mate kidogo mkononi, baraka yao. Kisha tukateremka. Barabarani barafu ilikuwa bado nyeupe katikati ya mistari ya chai, na kasisi aliendesha polepole. Juu ya kule kukata sikusema kitu ndani ya gari. Niliona ni habari ya baba na mtoto, haifai kusikika na wengine kabla yake. Au niliogopa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Tulipofika nyumbani nilimweleza msichana vyote, neno kwa neno: ndugu ya mzee alivyokata, na mzee alivyosimama, na aliyemtaja. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, joho limekunjwa mapajani. Kikapu kilikuwa mezani kati yetu.

"Kwa hivyo ilikuwa halali?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

Mke wangu akanigeukia. "Hata sasa hujui?"

Hata sasa. Yule wa Garissa angesema ndiyo, na wa Mombasa pengine angenyamaza, na sheikh wa mjini angesema moyo. Mimi sikuiona ikikatwa. Mkono wangu haukuwepo, na bila mkono wangu sijui kitu, hilo ndilo nimejifunza juu yangu leo.

Msichana hakulia. Alifungua magazeti, akaomba aonyeshwe sufuria kubwa iko wapi. Akachemsha ule ubavu kwa maji na chumvi, bila kitunguu, kama wanavyofanya kwao. Nyumba ikajaa harufu. Nilimuuliza kama nimpigie mzee nimwambie. Akatikisa kichwa.

"Usimpigie, Ustadh. Alitaka watu waone. Huku nakula kama mwizi."

Nikasema labda hata hivyo atafurahi. Akasema baba yake hatafurahi, atauliza kwa nini ilikuwa rahisi kwetu na kwake ikawa ngumu. Nikaona ni kweli, nikarudisha simu mfukoni.

Mke wangu alisonga ugali, akamimina maziwa ya kibuyu kwenye vikombe. Msichana alitaja jina la Mungu kwa sauti, akala nyama ya fahali wa baba yake. Mke wangu akanitazama, akasema hawezi kumwacha mtoto wa watu ale peke yake, akachukua kipande kidogo karibu na mfupa. Mimi nilikula ugali na maziwa.